Risala ya Wafanya Mazoezi wa Kisiwa cha Mfangano

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Homa Bay, Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi, Mheshimiwa Mbunge wa Suba Kaskazini, machifu wetu, wenyeviti wa kamati za bichi, wazee wetu na mama zetu.

Waheshimiwa,

Sisi tunaoleta risala hii ni wakazi wa Mfangano tunaokimbia, tunaoendesha baiskeli na tunaonyanyua vyuma. Miongoni mwetu wamo wavuvi wa omena, walimu, wauguzi, akina mama wanaoanika samaki, vijana waliomaliza kidato cha nne na bado wako nyumbani, na wazee walioambiwa na daktari watembee kila siku kabla presha haijawalaza. Hatukutumwa na chama chochote. Tumekuja kwa haki tuliyopewa na Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010, na kwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kinachomruhusu mwananchi kupeleka ombi katika Bunge la Kaunti.

Neno letu kubwa ni hili. Kazi na safari zilizokuwa zikiilinda miili ya watu wa kisiwa hiki zimechukuliwa na injini, maradhi yamekuja kujaza nafasi hiyo, na mtu wa kawaida hajatengewa mahali pa kufanya mazoezi kwa usalama. Kinachoitwa cha kaunti nzima hujengwa ng'ambo ya maji. Anayeishi Homa Bay mjini huenda uwanjani kwa miguu. Sisi hupanda boti hadi Mbita, kisha matatu kama kilomita 40, na jioni tuwahi boti ya mwisho ya kurudi. Hakuna mtu anayeweza kujenga mazoea ya afya yake kwa safari ya namna hiyo.

Tunalijua jibu ambalo hutolewa tukilitaja jambo hili, kwa maana tumelisikia barazani na tumelisikia hata majumbani mwetu: mvuvi anataka jimu ya nini, na mwili wake wote ni misuli? Mama anayebeba beseni la omena kichwani anakimbia kwenda wapi? Jibu hili ndilo lililotukawiza miaka yote, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie tulishughulikie kwa kirefu kidogo.

Mvuvi wa omena huingia ziwani jua likizama. Huketi kwenye ubao wa mtumbwi usiku kucha akiilinda taa inayowavuta samaki, miguu ikiwa imekunjwa, maji ya baridi yakimrukia mgongoni. Wavu ukivutwa, huuvuta kwa nguvu zake zote kwa dakika chache, akiwa ameinama na kupinda kiuno upande mmoja, ule ule wa jana na juzi. Kisha huketi tena. Alfajiri injini humrudisha nchi kavu, hula ugali mkubwa, hulala hadi alasiri. Baba yake aliifanya kazi hii kwa kasia na tanga, na safari ya kwenda na kurudi ilikuwa jasho la mwili mzima. Leo safari hiyo inafanywa na mashine, na kilichobaki kwa mvuvi ni ile dakika ya kuvuta na zile saa za kukaa. Ndiyo maana utamkuta mwanamume wa miaka 40 ana mabega mapana na kiuno kisichonyooka, tumbo limeanza kutangulia, na akipanda kilima kutoka bichi hadi kwake husimama njiani kutafuta pumzi.

Kwa akina mama ni vivyo hivyo. Mama huinama tangu asubuhi akitandaza omena juu ya nyavu kuukuu, huinama tena kuzigeuza, huinama jioni kuzikusanya kabla mvua haijanyesha. Hiyo ni kazi, tena kazi ngumu, na inamchosha. Lakini haiufundishi moyo wake kwenda mbio kwa muda na kutulia, wala haiimarishi ile misuli ya mgongo inayoumia. Anayesema kwamba mama huyu ameshafanya mazoezi, amwulize usiku anavyolala.

Na barabarani mambo yamegeuka kabisa. Zamani aliyetaka kutoka Wakula kwenda Sena alikwenda kwa miguu, au kwa baiskeli kama alikuwa nayo. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zimeenea Nyanza nzima, na kisiwani kwetu pia. Hatuwachukii waendeshaji wake. Ni ndugu zetu na wana wetu, na mjamzito anayewahi kituo cha afya anawashukuru. Tunachosema ni kwamba hatua nyingi tulizokuwa tukizipiga kila siku bila kuzihesabu zimekoma, na hakuna kilichozirudisha.

Matokeo yake tunayaona kliniki. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu Mkenya mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kwetu kuna jambo la ziada ambalo lazima lisemwe waziwazi. Homa Bay imekuwa miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na virusi vya UKIMWI nchini. Tunamshukuru Mungu na tunawashukuru wahudumu wa afya kwamba dawa zimefika na watu wetu wanaishi. Ndugu zetu waliodhaniwa hawatauona mwaka mwingine leo wana wajukuu. Sasa wamefikia umri wa presha na sukari, na wanayakabili maradhi hayo juu ya yale wanayoyabeba tayari. Kwao mazoezi ni sehemu ya tiba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku mbili. Kwa mtoto, wastani wa dakika 60 kila siku. Muuguzi hutwambia hivyo hivyo kliniki. Tukitoka pale mlangoni, hizo dakika tukazifanyie wapi?

Waheshimiwa, tuwaeleze hali yenyewe ilivyo, mkimbiaji kwanza.

Njia nzuri ya kukimbilia Mfangano ni ile inayofuata ufuo, kwa kuwa ni tambarare na ina upepo. Kabla ya mapambazuko njia hiyo ni ya viboko. Hutoka majini usiku kula majani na kurudi kunapokucha, na aliyesimama kati ya kiboko na maji yake hana wa kumtetea. Kwa hiyo mkimbiaji husubiri mwanga. Mwanga ukishatoka, barabara inajaa pikipiki zinazowahi boti za asubuhi, na barabara haina ukingo wa mtembea kwa miguu: upande mmoja ni mtaro, upande mwingine ni mawe. Pikipiki ikija kwa kasi kwenye kona, anayekimbia ndiye anayeruka. Januari na Februari tunameza vumbi. Mvua za masika zikianza, udongo unakuwa utelezi. Pikipiki zikipungua, jua limeshakuwa kali. Muda unaobaki kwa mtu kukimbia kwa amani ni mfupi mno, na wengi hukata tamaa ndani ya mwezi mmoja.

Kwa mwanamke muda huo ni mfupi zaidi. Akitoka na suruali ya mazoezi anapigiwa miluzi. Akiwa mama wa watu anaulizwa kama nyumbani hakuna kazi. Wapo walioanza na kuacha kwa maneno tu. Tunaomba wazee mliopo mlisikie hili kwa uzito wake, kwa sababu si la bajeti ya kaunti, ni la ulimi wetu sisi wenyewe. Machifu wakilisema barazani mara mbili tatu, litapungua.

Viwanja navyo vimepungua. Ziwa lilipofurika mwaka 2020, likafika kimo ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa, lilimeza fuo nyingi na sehemu za wazi ambazo watoto walichezea mpira na watu wazima walinyooshea viungo. Mwaka 2024 maji yalipanda tena. Palipobaki pakavu pana wenyewe. Uwanja ambao mtu angeutegemea ni wa shule, na wa shule una lango, na lango lina kufuli siku za Jumamosi na Jumapili na likizo nzima. Tunajua walimu wakuu wanahofia uharibifu, na tunawaelewa. Lakini ardhi ile ni ya umma.

Sasa vyuma. Tungependa mje mvione kwa macho. Chukueni bomba la maji, lichomekwe ncha zake katika mikebe miwili ya rangi, imwagwe saruji iliyochanganywa na kokoto za ufukweni, iachwe ikauke chini ya mwembe ikimwagiwa maji asubuhi na jioni isipasuke. Hicho ndicho chuma chetu. Mkebe mmoja daima huwa mzito kuliko mwenzake, kwa hiyo mnyanyuaji huligeuza bomba kila baada ya raundi, bega moja lisije likabeba zaidi ya lingine. Pale pa kushikia tumezungusha vipande vya wavu wa zamani kwa sababu bomba likilowa jasho huteleza. Benchi ni ubao wa boti lililochoka, umewekwa juu ya mawe, na bado unanuka samaki. Hakuna kioo cha kumwonyesha mtu kwamba amepinda mgongo, na hakuna aliyesomea kazi hii wa kumwambia ashushe uzito. Kijana mmoja saruji ilimpasukia akiwa ameinua, kipande kikamwangukia mguuni, akakaa wiki kadhaa bila kwenda ziwani. Nyumbani kwake walikula kwa kukopa. Alipopona alirudi pale pale chini ya mwembe, maana hapakuwa na mahali pengine.

Vijana hawa wangeweza kuwa kwingine jioni hizo. Tunaomba mlikumbuke hili mnapopanga: uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na hata katika miezi ya kazi, usiku wa mbalamwezi taa haivuti samaki, kwa hiyo wavuvi hukaa nchi kavu. Hizo ndizo siku za chang'aa, kamari na ugomvi. Hizo ndizo pia siku ambazo chini ya ule mwembe hapana nafasi ya kukanyaga. Hatuna haja ya mtaalamu kutueleza ni lipi kati ya hayo mawili linalostahili fedha za umma.

Kuhusu baiskeli tuna machache, lakini yanauma. Baiskeli ikiharibika mnyororo au gea, kipuri kinaagizwa Mbita au Kisumu, na mtu husubiri. Mafundi waliokuwa wakijua kunyoosha rimu na kubana spoki wamehamia kwenye pikipiki kwa kuwa ndiko kwenye riziki. Baiskeli ikipakiwa kwenye boti, nauli yake haijulikani. Leo ni hii, kesho ni ile, na siku nyingine unaambiwa hakuna nafasi ilhali magunia yanapakiwa. Mzazi akiona hivyo, hamnunulii mtoto baiskeli. Watoto wetu wanakua kando ya barabara inayokizunguka kisiwa bila kujua raha ya kuizunguka kwa nguvu za miguu yao. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifundishwa baiskeli na David Kinjah kwenye njia za vijijini huko Kikuyu, na baadaye akashinda Tour de France mara nne. Mwanzo wake ulikuwa mtu mzima mmoja mwenye subira, na baiskeli zilizokarabatiwa.

Hata hivyo hatutaki mtuelewe vibaya. Michezo ikitajwa Kenya, fikra hukimbilia medali. Watu huona Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mabingwa wake. Au, kwa sisi wa Nyanza, huona Mary Moraa wa Kisii akishinda mita 800 katika mashindano ya dunia mwaka 2023, na tulimshangilia kama dada yetu. Fedha za michezo nazo hufuata fikra hiyo: jezi, kombe, fainali, picha. Sisi tunawaombea watu ambao hawatashinda chochote. Tunamwombea mama wa miaka 55 aweze kupanda boti bila kuinuliwa. Tunamwombea mvuvi mgongo utakaomfikisha miaka 60 akiwa bado anafanya kazi. Mtoto mwenye kipaji akitokea katikati ya watu hao, tutampokea kwa furaha, lakini si yeye tunayemjengea hoja.

Wala hatuombi fadhila. Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili, linaikabidhi kaunti huduma za afya za kaunti. Linaikabidhi michezo na vifaa vyake, bustani, fuo na sehemu za burudani. Linaikabidhi barabara za kaunti, taa za barabarani, feri na bandari. Karibu kila tunalolisema humu limo katika orodha hiyo. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Tarehe 1 Juni 2025 taifa zima liliadhimisha Madaraka katika uwanja wa Homa Bay, na mada ya siku ile ilikuwa uchumi wa buluu na masuala ya bahari na maziwa. Tulijivunia. Tuliona kwamba kaunti yetu ikiamua kujenga, inajenga. Watu wanaoubeba uchumi huo wa buluu kwa migongo yao ndio hawa wanaoandika.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo.

La kwanza kabisa, na ambalo hata mkituahirishia mengine hatutalinyamazia, ni ukingo wa barabara. Kwenye barabara ya kuzunguka kisiwa, kuanzia Sena, tengenezeni njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, iliyoinuliwa na kutengwa na pikipiki kwa mawe. Mawe tunayo tele. Si lazima kisiwa kizima kwa mwaka mmoja. Anzeni kilomita zilizo karibu na shule na vituo vya afya, wekeni matuta kwenye kona mbaya, na taa mahali ambapo viboko hupandia. Shirika la Wanyamapori liombwe lituonyeshe mapito yao ili njia isijengwe juu yake. Barabara yoyote mpya itakayojengwa kisiwani isipitishwe bila ukingo huo kuwa ndani ya mchoro tangu mwanzo, maana kuubandika baadaye hugharimu mara mbili.

Tunadai pia chumba kimoja cha mazoezi cha umma. Hatusemi jumba. Paa, sakafu ya saruji, vyuma vya kweli vyenye uzito ulioandikwa, mikeka, kioo, choo, na mkufunzi aliyesomea ambaye atakuwepo siku zinazojulikana. Kiwe na saa za wanawake peke yao, na mlango ambao kiti cha magurudumu kinapita. Ratiba yake isifuate saa za ofisi, ifuate mwezi: usiku wa giza wavuvi wako ziwani, wapewe alasiri, usiku wa mbalamwezi na miezi ya kufungwa kwa uvuvi kifunguliwe hadi usiku. Ada ikiwepo iwe ile ambayo mvuvi wa omena anaweza kuilipa bila kuuliza mkewe.

Shule za umma zifungue viwanja vyao jioni na wikendi kwa makubaliano ya maandishi na wanakijiji, nasi tuwajibike kwa uharibifu wowote. Kamati za bichi zikubaliane na wenye maboti juu ya nauli moja ya baiskeli, ibandikwe gatini. Chuo cha ufundi kilicho karibu kifundishe vijana kadhaa wa kisiwa ufundi wa baiskeli, na wapewe vifaa vya kuanzia. Haya ya mwisho ni ya gharama ndogo kuliko mkutano mmoja wa kuyajadili.

Kisha kuna Kwitutu. Mlima wetu umesimama zaidi ya mita 500 juu ya ziwa, na hakuna jimu yenye ngazi inayoweza kushindana nao. Njia zake za zamani zinaporomoka. Tunaomba zisafishwe, zipewe alama, na pale penye mteremko mkali ziwekwe vidato vya mawe, ili wakazi na wageni wapande bila kupotea. Lakini tunaweka sharti. Mapango ya Kwitone na Mawanga yenye michoro ya kale ni mahali patakatifu kwa wazee wetu tangu enzi za waomba mvua. Njia ya kukimbilia isipite mlangoni pake, na jambo lolote huko lifanywe baada ya kushauriana na wazee na Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba. Afya ya miguu yetu haitanunuliwa kwa kuharibu walichotuachia waliotutangulia.

Jambo lingine linahitaji amri tu, fedha hazihitajiki. Jijini Kigali, tangu 2016, barabara kadhaa hufungwa kwa magari asubuhi ya Jumapili maalumu, siku hizi mara mbili kwa mwezi. Watu hukimbia, hutembea, huendesha baiskeli, na wahudumu wa afya huwapima presha na sukari pale pale. Wazanzibari, ambao ni watu wa visiwa kama sisi, wameifanya tarehe 1 Januari kuwa siku ya mazoezi ya kitaifa. Vikundi vya mitaa hutoka kwa fulana zao, wazee kwa vijana, wanawake kwa wanaume, wakikimbia mwendo wa pole kwa nyimbo, na viongozi wa nchi hujiunga nao. Tunaomba asubuhi mbili za Jumapili kila mwezi, kabla ya ibada, barabara ya Sena ifungwe kwa pikipiki kwa saa mbili, isipokuwa kwa wagonjwa. Tumechagua Jumapili kwa kuwa ndugu zetu Wasabato ni wengi na Jumamosi ni siku yao ya Bwana. Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa na serikali, mwaka 2023, mikoba yenye mashine za kupimia presha na sukari. Waje nazo. Mtu ambaye hajawahi kupimwa maishani atapimwa akiwa ametoka jasho na anacheka na jirani zake, na atajua namba yake. Wenye bodaboda tumeanza kuzungumza nao. Wanachotaka ni tarehe zijulikane mapema.

Msiwasahau pia ndugu zetu wa visiwa vidogo vya wadi hii, Takawiri, Remba na Ringiti. Kule Remba na Ringiti ardhi imejaa nyumba hadi ukingoni mwa maji na hakuna pa kukimbilia kabisa. Kwa wakazi wa visiwa hivyo tunaomba angalau baa za kuning'inia na za kujivutia juu, zilizochimbiwa vizuri mahali pa wazi, pamoja na kamba za kuruka shuleni. Na kwa kuwa maji ya ziwa yana kichocho, dawa zake zitolewe kwa wakati kwa watoto wanaoogelea, maana kuogelea hawataacha.

Kwa upande wetu tunaahidi haya: tutavunja na kubeba mawe ya ukingo wa barabara kwa mikono yetu siku tutakazopangiwa, tutachagua kamati ya chumba cha mazoezi, nusu wanawake, itakayosoma hesabu zake hadharani barazani, na tutawafundisha watoto wa shule kuendesha baiskeli bila malipo. Wenye ardhi miongoni mwetu wako tayari kuketi na kaunti kujadili kiwanja, mradi hati zishughulikiwe kihalali na lisiwe jambo la mdomo.

Waheshimiwa, sheria inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti ufikishwe katika Bunge la Kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili. Tunaomba ukingo wa barabara na chumba cha mazoezi viandikwe kwa majina katika mpango ujao, pamoja na kiasi cha fedha na mahali, si kufichwa chini ya maneno "michezo na vijana". Mikutano ya maoni ya umma juu ya bajeti ifanyike hapa kisiwani, saa ambayo boti za uvuvi zimerudi na omena zimeshaanikwa.

Na tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya tarehe 1 Septemba. Libandikwe gatini Sena, na Wakula na Takawiri pia, kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Kama jibu ni ndiyo, lituambie lini. Kama ni hapana, lituambie kwa nini, na nani ameamua hivyo, ili tujue mlango unaofuata wa kubisha.

Ni sisi wenu,
Wakimbiaji, waendesha baiskeli na wanyanyua vyuma wa Mfangano.